Kamera Mbili Juu ya Meza ya Mamako

Kibokoni, Jumamosi, baada ya alasiri

Mishi,

Salamu tulipeana asubuhi, sirudii. Nimekasirika.

Naandika sasa kwa sababu umekwenda Bondeni kumuaga shangazi yako. Nikingoja urudi nikwambie kwa mdomo, nitapiga kelele, nawe utainamisha kichwa useme "Naam, baba," na yatakwisha hapo, kama yanavyokwisha siku zote humu ndani. Basi soma. Mwandiko wangu ni mbaya. Nilifika darasa la tatu. Lakini hili sitaki kuandikiwa na mtu.

Sikwambii uchemshe maji. Sikwambii neti, wala sala, wala watu wa ndani ya basi. Hayo alikufunza mamako yakakuingia. Na huko uendako wewe ni mwalimu. Wewe ndiwe utakayewaambia watoto wa watu wachemshe maji.

Mimi nataka kusema kamera.

Jana mimi na mwenzangu Kazungu tulipeleka kabati Ndia Kuu, kwa Bi Zuhura. Kabati la kuwekea kanda zake za video za harusi. Tumelishusha kwenye mkokoteni, tumelipandisha ngazi zile nyembamba, jasho latutoka, na yeye amesimama juu anatuelekeza kama askari wa barabarani. Tulipomaliza akatupa maji ya ndimu. Akaniuliza, "Baba Mishi, mwanao yuwenda kweli?"

"Yuwenda. Jumapili asubuhi."

"Na kamera yuwenda na ipi?"

"Kamera anayo. Nilimnunulia mimi mwenyewe."

Akanyamaza. Wewe umefanya kazi naye miaka mitatu, wajua kwamba yule mama hanyamazi mpaka alale. Nikajua kuna jambo.

"Sema," nikamwambia.

"Nisije nikatia fitina baina ya mtu na mwanawe."

"Nshakubebea kabati ngazi mbili. Sema."

Ndipo akasema. Kwamba alitaka mbadilishane kamera. Si mara moja, mara mbili. Akanieleza mbele ya Kazungu, na Kazungu masikio yake wayajua.

"Ile yake kubwa ndiyo inifaayo mimi," akasema. "Harusini watu wataka kuona kamera begani, na taa juu yake. Nikienda na hii yangu ndogo, wanawake waniuliza, 'Bi Zuhura, na mpiga picha yuko wapi?' Tena kanda ikitoka mle yaingia moja kwa moja kwenye deki ya mwenye harusi, mimi nshamaliza. Hii ndogo ndiyo imfaayo Mishi na ndege wake. Nikamwambia chukua hii, nipe ile, tena utakuwa umenisaidia. Akakataa. Wajua alisema nini? 'Baba atajua.'"

"Nitajua nini?"

"Kwamba ulikosea."

Kazungu akacheka mpaka maji ya ndimu yakamtoka puani. "Umeona, mzee? Mtoto anakubebea mzigo, na hamali ni wewe."

Nilikuwa natafuta pa kuangalia. Bi Zuhura hakuniacha. "Na ukirudi nyumbani," akasema, "mtizame bega."

Nilirudi nikakutizama. Ulikuwa unakunja nguo zako za safari. Bega la kulia limeshuka, la kushoto limepanda. Mishi, bega lile nalijua. Nimelala nalo miaka thelathini. Ukinipa watu mia nitakuchagulia mahamali kwa macho tu, kwa bega. Na hili la kwako nimeliona kila siku, likipita mlangoni, likinipa chai, nikadhani ni maringo ya wasichana.

Shangazi yako anakukanda kila Alhamisi. Hilo pia nimelijua jana. Watu wote wanajua. Shangazi anajua, Bi Zuhura anajua, na sasa Kazungu anajua. Asiyejua ni mwenye nyumba.

Nani alikutuma unihurumie?

Siku ile dukani, tuliponunua kamera, ulikuwepo, lakini kichwani mwangu hukuwemo. Nitakwambia humo kichwani mlikuwa na nini.

Hamali hasomi maandishi ya gunia. Hamali hupima kwa mkono. Gunia likiwa jepesi, limechotwa. Mtu amelichoma chuma njiani, ametoa kidogo kidogo, ameliziba tundu, na juu bado limeandikwa kilo tisini. Wenye kusoma husoma tisini wakatia sahihi. Sisi mikono yetu hujua. Likiwa zito, ni la haki. Sheria hiyo ndiyo iliyonilisha, na ndiyo iliyokulisha wewe. Msimamizi mmoja alikuwa haandiki kitu mpaka aniulize mimi kwanza. Ndiyo fahari niliyokuwa nayo. Sina nyingine.

Sasa tumeingia duka lile. Wewe ukaenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo, ukaonyesha ile ndogo. Ulikuwa umeshaijua, kumbe ulikuwa unakwenda kuitazama siku zote. Muuzaji akasema, "Hiyo ni ya watalii, binti." Akaweka na ile kubwa juu ya meza. Nikainua hii, nikainua hii. Ndogo ilikuwa kama mkate wa boflo. Kubwa ilikuwa na uzito wake, inakaa begani kama mtu mzima. Nikasema, "Hii ndogo imechotwa."

Wewe ukasema polepole, "Baba, si kama magunia. Tizama lenzi. Hii yavuta vya mbali zaidi."

Nikakwambia, "Nyamaza. Mimi nilianza kubeba kabla mamako hajakuzaa."

Yule muuzaji aliniona mimi ni nani pale pale. Akapiga makofi. "Mzee ana mkono! Mzee hadanganyiki!" Akanipa karatasi ya maelezo nisome. Kiingereza kitupu. Nikaikunjia uso kama naisoma, nikatingisha kichwa, nikamrudishia. Ukaniona. Najua uliniona, kwa sababu uliangalia pembeni.

Hapo ndipo tulipoanza kudanganyana, mimi na wewe. Juu ya karatasi ile.

Pesa sizitaji. Zilikuwa zangu, zimekwenda. Lakini ulikuwa na haki ya kunivuta kanzu uniambie, "Baba, hapana." Ungenivuta mara moja, ningekasirika. Mara ya pili ningekasirika zaidi. Mara ya tatu tungetoka nje. Ungenivuta mara tatu tu, Mishi. Kwa nini hukunivuta?

Najua kwa nini. Ntafika huko.

Kwanza kipanga.

Yule kipanga mimi ndiye niliyemuona. Pale ghalani Mbaraki mahindi humwagika, njiwa huja kula mahindi, na yeye huja kula njiwa. Kazungu alimwita Msimamizi, kwa kuwa anakaa juu, habebi kitu, na akishuka lazima mtu aumie. Nilipogundua ana kinda kwenye ukingo wa ukuta, juu ya dirisha la mwisho, nilikuja mbio kukwambia. Sijawahi kuleta habari nyumbani ukafurahi vile. Uliruka. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na uliruka kama mtoto.

Siku mbili ulipiga picha kutoka juu ya paa la yale magorofa ya Ganjoni. Mbali. Ukaenda kwa Bi Zuhura ukatuwekea kanda tuone. Nikaona ukuta, ukuta, ukuta, na juu yake kitu kama nzi.

"Ndege yuko wapi?"

"Ndiye huyo, baba."

"Huyo ni nzi."

Bi Zuhura akacheka. Hakunicheka mimi, lakini mimi nilicheka naye kwa meno tu. Kamera niliyoinua kwa mkono wangu inaonyesha nzi! Mtu mwenye akili hapo angeuliza, kwani hii kamera mwisho wa kuvuta kwake ni wapi? Mimi nikasema, "Kamera haina makosa. Mwenye kamera anaogopa kusogea."

Jumapili nikaja nawe. Niliibeba mimi. Nikazungumza na mlinzi, akatufungulia ngazi ya paa la ghala lenyewe. Ulipofika juu ukasimama. Ukasema, "Baba, hapa ni karibu mno. Atatoka."

"Atoke aende wapi? Hapa ni kwake."

"Baba, tafadhali."

"Sogea. Ndege hali mtu."

Ukasogea. Ulikuwa umeinama, kamera begani, ile taa yake nyekundu ya mbele inawaka kama jicho la jini, na ndani inavuma kama cherehani. Akatoka. Alipiga kelele, akazunguka juu yetu mara tatu, akaenda. Kinda likabaki peke yake. Jeupe, kama pamba iliyotoka godoroni, na macho.

Ukasema, "Tushuke. Tukishuka atarudi."

Nikasema, "Atarudi tukiwa hapa hapa. Usizime." Na kitaa cha betri kilikuwa kinawaka na kuzima.

Kunguru wa Mombasa sina haja ya kukueleza. Humnyang'anya mtu mkate mkononi. Alikuja mmoja akatua juu ya bomba. Akaita. Wakaja watatu. Mimi nilitupa kopo. Wewe uliweka kamera chini ukavua kiatu ukawatupia, kikaangukia barabarani. Ukingo ule mkono haufiki. Nilipiga kelele zangu zote, zile zinazotisha watu humu ndani, na kunguru hawakugeuka hata kutazama. Walilichukua mbele ya macho yetu.

Halafu akarudi. Ana njiwa kwenye kucha. Akatua, akamweka njiwa pale pale, akaangalia huku, akaangalia huku. Akangoja.

Kamera ilikuwa imeshazimika. Nikakuuliza, "Vipi? Umepata?"

Ukafuta uso kwa buibui. Ukasema, "Si kitu, baba. Kamera ni nzuri. Ni betri tu."

Nami nikakubali! Nilishuka ngazi nimeshika kiatu chako kilichobaki, nikakubali. Jumatatu nikamwambia Kazungu kwamba Msimamizi ni mjinga, amemwacha mwanawe akakimbia. Kazungu akasema, "Au aliona wajinga wanakuja." Nikamtukana mbele ya watu.

Si kitu.

Wajua ni nani mwingine aliyeniambia hivyo.

Mamako alianza kushika ubavu wakati wa mfungo. Nilimuona akishika. Ameinama kupuliza jiko, mkono mmoja ubavuni. Nikamuuliza, "Una nini?" "Si kitu, Baba Mishi. Uchovu." Nikaondoka. Baada ya Idi akawa halali ubavu ule. "Si kitu." Akawa hali wali, ala uji tu. "Si kitu, meno." Mtu anaumwa ubavu, anasema meno, na mimi nakwenda kazini! Alipoanguka pale kisimani ndipo tukampeleka hospitali, na yule muuguzi akauliza, "Mbona hamkuja mapema?" Nikamwangalia mamako. Mamako akaniangalia mimi. Alikuwa anaogopa. Hakuogopa ugonjwa. Aliogopa kwamba nitapiga kelele pale pale, mbele ya watu, kwa nini hukuniambia.

Na nilipiga. Wewe ulikuwa nje na shangazi, hukusikia. Nilimpigia kelele mgonjwa kitandani, na kitanda kile hakukishuka tena. Hilo sijamwambia mtu. Sasa nimekwambia wewe.

Hakuwa mwongo, mamako. Alijifunza. Nitakwambia alijifunza wapi. Ulikuwa mdogo, huna meno ya mbele. Bati la chumba cha nyuma lilitoboka. Akaniambia nikiwa nimetoka kazini, sijavua hata shati. "Baba Mishi, bati lavuja." Nilichukua sufuria nikaitupa ukutani. Si kwamba nilimkasirikia. Nilikuwa nimechoka, na bati ni pesa, na nikaona kama ameniambia mimi si mwanamume. Basi. Kesho yake chini ya tundu pakawekwa ndoo. Hakusema tena. Masika yote ndoo ilijaa, ikamwagwa, ikajaa, na mimi nilikuwa nairuka kwenda kulala. Sikuuliza. Nyumba yangu ikawa imetulia. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nina mke mtulivu.

Haikuwa imetulia. Ilikuwa imejaa ndoo.

Kwa hivyo hukunivuta kanzu dukani kwa sababu wewe ni mtoto wa ndoo ile. Najua. Makosa ni yangu, yalianza kabla hujajua kusema. Lakini hasira yangu haitoki kwa kujua. Bado imekaa hapa kifuani, na nusu yake ni yako. Mamako alikuwa hana pa kwenda, wewe umesoma hadi kidato cha nne. Ulikuwa na shangazi, ulikuwa na Bi Zuhura, ulikuwa na mdomo. Ukachagua kupinda bega. Ulidhani adabu ni hiyo. Kumtunza baba mjinga abaki na ujinga wake, huku mwili wako unalipia. Hiyo si adabu. Hiyo ni kunizika kabla sijafa.

Huko uendako sitaona bega lako. Nimeshindwa kuliona likiwa ndani ya chumba kimoja na mimi.

Ulipopata kazi hii wenzako walikuhurumia. Shule ya makuti kando ya Mto Tana, njia haina usalama, umeme hakuna, mshahara wa mwalimu asiye na cheti. Wewe ukacheka. Ukaniambia kuna mbega wekundu huko, hawako kwingine popote duniani, msitu ule tu. Utafundisha asubuhi, jioni utakaa uwatazame. Nikasema, "Watu wanakwenda mjini, wewe unafuata nyani." Ukasema, "Mbega, baba, si nyani." Hapo ulinisahihisha na dunia haikuanguka! Umekumbuka? Nilikasirika, halafu nikala chakula. Ndivyo nilivyo. Nakasirika, halafu nakula.

Basi jana, Kazungu alipokwenda na mkokoteni, mimi nilibaki kwa Bi Zuhura. Nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ile dukani. Nikavua kofia nikamwambia, "Nifundishe. Mimi sijui kitu."

Akanitazama. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alinifundisha mpaka adhana ya magharibi. Akaniwekea ile ndogo machoni, akanipeleka dirishani, akaniambia bonyeza hapa. Ng'ambo ya barabara kuna paa, juu ya paa kuna paka amelala. Nikabonyeza. Paka akaja. Akaja mpaka nikaona sikio lake limechanika. Na mimi sikusogea, na yeye hakuamka.

Mishi, nilikaa pale dirishani, kamera bado machoni. Yule kipanga ungempata kutoka Ganjoni. Ungekaa kule mbali ulikokuwa umekaa kwa akili yako mwenyewe, angelisha mwanawe mbele yako, akaruka, mambo yakaisha salama. Kamera ya wanyama si ile inayokupeleka karibu. Ni ile inayokuacha ukae mbali, mnyama asijue kama upo. Ulilijua hilo. Ulilijua dukani.

Nimejua na mengine sasa. Kwamba kuna kuvuta kwa kioo na kuna kuvuta kwa uongo, ule wa mashine kukuza picha mpaka inakuwa kama mawe ya kokoto, na wenye maduka huandika ule wa uongo kwa herufi kubwa. Kwamba kile kitaa chekundu cha mbele hufunikwa kwa kipande cha plasta. Kwamba ukivuta sana mkono hutetemeka, hata wa hamali, kwa hivyo stendi ya miguu mitatu si anasa. Kwamba ukinunua kamera uwashe papo hapo, uzime, uwashe, uhesabu kimoyomoyo inachukua muda gani kuamka, maana mnyama hangoji. Uisikilize tumboni kama yavuma. Uulize picha zake zasoma kwenye televisheni za huku au ni za Amerika. Na betri, uulize yachajiwa na nini mahali pasipo umeme. Ile kubwa yataka ukuta wa umeme usiku kucha, yakaa nusu saa, yafa. Ndogo ina waya wa kuchajia kwa betri ya gari, na ulisema mwalimu mkuu ana betri ya lori kwa ajili ya redio yake. Mimi nilikuwa nakupeleka huko na jiwe.

Nilimuuliza Bi Zuhura, "Na uzito?" Akasema, "Ndogo ndiyo shida yake hiyo. Ni nyepesi, yataka mkono mtulivu." Basi. Hakuna aliyeichota. Imeundwa hivyo.

Haya yote wayajua. Nimeyaandika ili ujue kwamba sasa na mimi nayajua, usinifiche tena.

Nilitaka kuibeba ile kubwa jana usiku niipeleke Ndia Kuu, nikutilie ndogo mkobani, ukaikute huko ufikako. Nilishaishika mkono. Halafu nikaona ndiyo yale yale. Baba amechagua tena, mtoto hakuulizwa. Nikaiweka chini.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Bi Zuhura amenipa ndogo kwa amana, mpaka kesho. Ziko zote mbili juu ya meza ya mamako, nimezifunika kitambaa chake cha maua. Funua. Basi lako ni saa mbili. Chukua utakayo.

Sitakusindikiza mpaka kituoni. Nitakaa barazani, utanipita. Sitasema kitu. Ukinipita na ile kubwa kwa kuwa ndiyo uitakayo, uniambie ni kwa nini, na iwe sababu ya kamera, nitasikiliza. Ukinipita nayo kwa ajili yangu, nitajua, maana sasa nimejifunza kutizama bega. Na hapo ndipo utakaposikia kelele, mtaa mzima utasikia, basi litangoja.

Barua niandikie. Lakini ukiandika "si kitu", nitapanda lori la mizigo nije huko, nisimame mlangoni pa darasa lako na kofia hii hii, mbele ya wanafunzi. Wajua nitafanya. Andika kitu chenyewe. Andika homa, andika njaa, andika mwalimu mkuu mbaya. Andika "Baba, ulikosea." Nitaitupa sufuria huku, hutaisikia. Halafu nitakula, halafu nitakujibu.

Chumba cha nyuma nimetia bati jipya. Ilikuwa Jumatano, ulipokwenda kuchukua barua yako ya kazi. Hukuona kwa sababu hukuinua macho, umezoea kuangalia chini palipo na ndoo. Ndoo nimeitoa nje mchana huu. Leo angalia juu.

Hiyo kamera utakayoiacha mezani, usiisogeze, usiifunge, usimtafutie mtu wa kuipeleka. Nitaibeba mimi mpaka Ndia Kuu. Kubeba ni kazi yangu.

Babako